Mama Ustawi na Barabara ya Arusha

Vijijini hawakulijua jina lake. Walimwita Mama Ustawi, na leo akiandika habari za maisha yake ya kazi, anajikumbuka kwa jina hilo.

Aliajiriwa mwaka 2011 na halmashauri moja mkoani Singida, akiwa ndiye afisa ustawi wa jamii pekee. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikuwa bado mbichi. Kifungu cha 94 alikikariri: mamlaka ya serikali za mitaa ndiyo yenye wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Cha 119 kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo.

Kisha polisi wakampigia simu. Mvulana wa miaka 14, wizi wa mbuzi. Alimkuta mahabusu pamoja na watu wazima, amejikunyata pembeni, viatu vimeshachukuliwa.

Ampeleke wapi? Mahabusu za watoto, anamokaa mtoto akisubiri kesi yake iishe, zilikuwa Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya. Singida haikuwa nayo. Ya karibu ilikuwa Arusha, zaidi ya kilomita 300 kupitia Babati.

Hapo ndipo alipojua sheria inavyoliwa na barabara. Dizeli ya halmashauri, posho ya askari wa kusindikiza, na kwenye bajeti hakuna kasma ya safari hizo. Gari likiwa limekwenda kwenye chanjo, mtoto hafiki mahakamani, na kesi inaahirishwa. Mama wa yule mvulana hakwenda kumwona huko Arusha hata mara moja. Nauli ingemaliza kuku wote bandani.

Diwani mmoja alipoahidi kujenga nyumba ya watoto wilayani, Mama Ustawi alimuuliza: nani atapika, nani atafundisha, nani atakesha nao usiku? Jengo ndilo jepesi.

Badala ya kusubiri jengo, akaanza kutafuta walezi wa kuaminika, familia ambazo mahakama ingeweza kuzikabidhi watoto. Aliingia hadi chumba cha kulala, akauliza majirani.

Yule mvulana hakupelekwa Irambo, Mbeya, iliko shule pekee ya Tanzania Bara ya maadilisho ya watoto waliotiwa hatiani. Hakimu aliisoma taarifa ya uchunguzi wa kijamii aliyoiandika Mama Ustawi, akamwachia mvulana arudi kwao chini ya uangalizi wa afisa huyo. Shati la shule la mvulana lilikuwa bado linaning'inia ukutani. Alipolijaribu, halikumtosha tena.