Khalifa Yupi?



Huku kwetu Kibaha na Kisarawe si ajabu babu na mjukuu kuitikia jina moja. Jina la marehemu halizikwi naye, hurithiwa. Ni desturi njema, ila yatupasa kuangalia tusimrithishe mtoto na matendo ya mwenye jina.

Tutazame ukoo wa Busaidi uliotawala Zanzibar. Walikuwapo Ali wawili: Ali bin Said (1890–1893) na Ali bin Hamud (1902–1911). Walikuwapo pia Khalifa wawili. Anayekumbukwa zaidi ni Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi alipofariki mwaka 1960. Lakini aliyetia sahihi mkataba wa Aprili 1888, uliowakabidhi Wajerumani usimamizi wa pwani yetu, ni Khalifa bin Said. Mkataba huo ulizaa vita vya Abushiri, na Januari 1889 misioni ya Pugu, jirani na Kisarawe, ikashambuliwa, watawa watatu wakauawa.

Siku mkataba ulipotiwa sahihi, Khalifa bin Harub alikuwa mtoto wa miaka minane, mzaliwa wa Maskati. Basi asemaye tu kwamba “Khalifa aliiuza pwani” humtwika mtoto mzigo wa mtu mzima. Tena hata huyo mkubwa hakuuza, alikodisha. Pwani iliuzwa kwa Wajerumani mwaka 1890, enzi ya Ali bin Said, kwa marki milioni 4.

Katika Maandiko nako akina Herode hutuchanganya. Herode Mkuu aliwaua watoto wa Bethlehemu. Mwanawe, Herode Antipa, alimkata kichwa Yohane Mbatizaji. Mjukuu, Herode Agripa, alimwua Mtume Yakobo. Jina ni moja, lakini kila mmoja ana hesabu yake mbele za Mungu.

Neno “bin” ni fupi, lakini hutenda haki. Majumbani mwetu wapo watoto wanaoitwa walevi au wachawi kwa sababu tu wamebeba jina la babu. Tuwaonee huruma. Na tunapoleta majina ya marehemu wetu kuombewa Misa, tuandike na jina la baba. Mungu hawachanganyi; wanaowachanganya ni sisi.