Jeti Isiyochoma Mafuta

Watu wengi wakisikia neno jeti hufikiria moto na mafuta. Jeti ndogo ninayoishughulikia mimi haina hata kimoja. Ndani ya mwili wake wa sponji ngumu mna bomba fupi lenye upana wa milimita 64, na ndani ya bomba mna feni inayozungushwa na mota ya umeme. Hewa huvutwa kwa mbele na kusukumwa kwa nyuma kwa kasi. Kazi ya mwongozaji ni kushika rimoti.

Mjomba wangu, fundi wa magari hapa Buyenzi, alielewa mara moja. "Basi ni feni ndani ya bomba," alisema. Kisha akaniuliza swali gumu zaidi: "Mwanangu, kitu hicho kinamfaa nani?"

Hakuwa anatania. Fedha za kununulia vifaa hivyo nilizipata kwa kufundisha hesabu watoto wa jirani mwaka mzima, na nyumbani tunaishi kwa ndagala anazouza mama sokoni.

Nilitaka kumjibu kwa vipimo. Niliazima mizani ya mama, nikaifunga feni juu yake ikipuliza kuelekea juu, ili nguvu yake iikandamize mizani. Muuzaji aliahidi gramu 1,100. Mizani ikasoma 930. Mjomba akasema nimeibiwa.

Mimi sikuona hivyo. Bujumbura iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, lakini ziwa lenyewe liko karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari. Ongeza joto letu la mchana, na hewa inakuwa nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko hewa ya kawaida ya usawa wa bahari inayotumiwa katika vitabu. Feni ikipata hewa nyepesi, husukuma kidogo. Upungufu mwingi ulitoka hapo. Uliobaki niliuhesabia betri, ambayo hulegea inapokamuliwa.

Kipimo cha pili kilinisumbua zaidi. Betri yangu ni ya ampea 2.2 kwa saa moja, na feni ikizunguka kwa nguvu zote hula ampea 40. Gawanya mwenyewe: ni dakika tatu na kidogo tu.

Jirani zetu wa Rwanda wanapeleka damu hospitalini kwa ndege za betri zisizo na rubani tangu Oktoba 2016, na ndege hizo zinatumia propela. Sasa najua sababu. Propela pana husukuma hewa nyingi polepole. Feni nyembamba husukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa, na kwa nguvu ileile hudai umeme mwingi zaidi.

Kwa hiyo nimeamua. Feni na mota yake nitaviuza, kwa sababu mota hiyo hukimbia mno, haifai propela pana. Betri na rimoti vitabaki, nianze ndege nyingine, na kabla ya kuirusha nitaomba ruhusa na kutafuta mahali pa wazi, mbali na uwanja wa ndege na nyumba za watu.

Umbo la jeti bado nalipenda. Lakini mimi ni mtoto wa muuza ndagala: mizani ikisema, nasikia.