Skripti Ileile, Linux Nyingine

Leo sina mafunzo ya hatua kwa hatua, nina ungamo. Nilikaribia kumpotezea mama wa watu madeni ya wateja wake, na chanzo chake ni mabano mawili tu.

Mama huyu ana duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Seva yake ndogo ilikuwa inaendeshwa na CentOS 7, na kama mnavyojua, CentOS 7 ilifikia mwisho wa maisha yake tarehe 30 Juni 2024. Kwa hivyo Jumamosi moja ya mwezi huo nilibeba kipakatalishi changu, nikaenda kumhamishia kila kitu kwenye Debian 12.

Mambo ya kwanza yalinisumbua, lakini kwa uwazi. Apache, ambayo kwa CentOS huitwa httpd na mipangilio yake hukaa ndani ya /etc/httpd, kwa Debian inaitwa apache2 na inakaa ndani ya /etc/apache2. Mtumiaji wake si apache tena, ni www-data. Kila nilipokosea, mashine ilinifokea papo hapo, nami nikarekebisha.

Halafu kulikuwa na kiprogramu changu cha kuchapisha risiti, nilichokiandika kwa C++. Nilikikompaili kwenye kipakatalishi changu chenye Ubuntu 24.04, nikakinakili kwenye seva, kikakataa kuwaka: GLIBC_2.38 not found. Sababu ni kwamba Ubuntu hiyo ina maktaba ya glibc toleo la 2.39, na Debian 12 ina 2.36. Programu iliyojengwa kwenye glibc ya zamani kwa kawaida huendelea kufanya kazi kwenye mpya, lakini kinyume chake hakuna ahadi. Dawa ni kujenga kwenye mfumo mkongwe zaidi kati ya ile unayolenga. Nilikikompaili upya palepale kwenye Debian, kikachapa risiti. Nikanywa chai ya mama, nikaenda zangu nikijiona fundi.

Baada ya siku 19 simu ililia. Kijana wa dukani alikuwa amefuta orodha ya wadaiwa kwa bahati mbaya.

"Usijali mama," nikamwambia, "kuna nakala ya kila usiku."

Niliingia kwenye seva. Faili ya kumbukumbu ilikuwa imeandika "Nakala tayari" kila siku bila kukosa. Lakini kwenye saraka ya nakala, faili ya mwisho ilikuwa ile niliyoileta mwenyewe siku ya kuhama. Baada yake, hakuna kitu.

"Mwanangu, si ulisema iko salama?"

Sikuwa na jibu.

Skripti yangu ilianza na #!/bin/sh, na ndani yake kulikuwa na mstari huu, kwa sababu Jumapili duka hufungwa:

if [[ $(date +%u) -le 6 ]]; then

Kwa CentOS, /bin/sh ni bash iliyovaa jina lingine, na bash inaielewa [[ vizuri. Kwa Debian, /bin/sh ni dash, sheli ndogo na nyepesi inayofuata POSIX. Ubuntu ndiyo iliyotangulia kuifanya dash kuwa sh yake, katika toleo la 6.10 la mwaka 2006, ili mashine ziwake haraka. Dash haijui [[ ni nini. Inadhani ni jina la amri, inaitafuta, inaikosa, na jibu hilo la kukosa linahesabika kuwa "si kweli". Basi inaruka mysqldump yote na kuendelea chini, mahali nilipokuwa nimeandika echo "Nakala tayari".

Hata set -e isingeniokoa, kwa sababu kosa lililo ndani ya sharti la if halisimamishi skripti. Hata sh -n haioni tatizo, kwani kwa dash hiyo ni amri halali kisarufi. Cron nayo ilijaribu kunionya, lakini sikuwa nimeweka programu ya barua kwenye seva hiyo. Kwenye kumbukumbu zake nikakuta: No MTA installed, discarding output. Onyo lilitupwa kila usiku.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho. Skripti yangu ilienda na macho yote mawili.

Tulikaa usiku mbili, mimi na mama, na vitabu vya risiti na ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, tukiandika upya deni moja baada ya jingine. Madeni mawili hayakuwa na ushahidi wowote, jumla shilingi 7,400. Nilizikata kwenye malipo yangu. Mama alikataa kwanza, kisha akazipokea. Nadhani alielewa kwamba nilihitaji kuzilipa.

Sasa nina desturi zangu. Kama nimetumia mambo ya bash, naandika #!/bin/bash waziwazi. Kama nimeandika sh, natumia [ moja, na naipitisha skripti kwa checkbashisms, iliyomo ndani ya kifurushi cha devscripts. Neno "tayari" linaandikwa tu baada ya [ -s faili ] kuthibitisha kwamba faili ipo na haiko tupu. Na kila mwezi narudisha nakala moja kwenye mashine ya majaribio, nione kama kweli inafunguka.

Programu inayokataa kuwaka inakusumbua saa moja. Ile inayosema "tayari" bila kufanya kazi ndiyo ya kuogopa. Ukihamisha zako wiki hii, usiamini neno la faili ya kumbukumbu. Fungua saraka uangalie kwa macho yako.

Haya, tuonane wakati mwingine.