Kipya Kinyemi, Lakini Jina Liandikwe Sawasawa

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Wakanena pia kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hizi mbili huvutana, na kila nyumba hufikiwa na siku ya kuamua ifuate ipi. Siku hizi mvutano huo umeingia hata katika programu za kompyuta zitumikazo kuchora, kusanifu kadi na kupamba picha. Je, watengenezaji wake wazirekebishe kwanza zana za zamani zenye kasoro, au waharakishe kuingiza teknolojia mpya, hususan akili bandia?

Mjini Juba jambo hili si la wataalamu peke yao. Karibu na masoko kama Konyokonyo vimo vibanda vya kompyuta na mashine za kuchapa, na humo hutengenezwa kadi za harusi, matangazo ya msiba, vyeti na mabango. Askari aoapo, mwanawe abatizwapo, au mwenzake afarikipo, jamaa huelekea huko. Maua na rangi hupendeza, lakini kiini cha kazi ni jina. Jina lililokosewa herufi huweza kuwa jina la mtu mwingine, na kwenye cheti huweza kumsumbua mwenyewe miaka mingi.

Herufi hizo zina historia yake papa hapa. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa lugha huko Rejaf, kusini ya Juba kando ya Mto Nile, uliojadili namna ya kuandika lugha za Sudan ya kusini, zikiwemo Kidinka, Kinuer, Kibari, Kishilluk na Kizande. Katika maandishi ya Kidinka ya leo zimo herufi kama ŋ, ɔ na ɛ, na nukta mbili juu ya irabu huonyesha sauti yenye pumzi. Wadinka wenyewe hujiita Jiɛ̈ɛ̈ŋ. Atakayeziondoa nukta hizo hajaondoa pambo. Ameondoa sehemu ya matamshi.

Kompyuta za mwanzo hazikuzijua herufi hizi. Waandishi wa lugha nyingi za Afrika walilazimika kutumia herufi za kubandika, ambapo alama moja ilivalishwa sura ya nyingine. Hati ilipopelekwa kwenye mashine nyingine, maneno yaligeuka mafumbo. Nafuu ilianza na mfumo wa Unicode, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ambao huipa kila herufi namba yake maalumu. Hata hivyo, ɛ̈ haina namba moja. Huundwa kwa herufi na nukta zake, alama mbili zilizounganishwa. Kwa hiyo programu na mwandiko wake hazina budi kujua pa kuzikalisha nukta hizo, la sivyo huning'inia pembeni. Shirika la SIL limetoa bila malipo mwandiko unaoliweza jambo hilo, nao umepewa jina la Kiswahili: Andika.

Sasa na tutazame upande wa pili. Mwaka 2023 kampuni ya Adobe iliingiza katika Photoshop uwezo wa kujaza picha kwa akili bandia. Mtumiaji huandika maneno machache, na bustani huchomoza nyuma ya bwana harusi. Ni ajabu, na huokoa saa nyingi. Lakini kazi hiyo hufanywa na mashine zilizo mbali, hivyo pasipo intaneti bustani haioti. Tena, tangu mwaka 2013 kampuni hiyo iligeukia kuuza programu zake kwa ada ya kila mwezi au mwaka. Mkongo wa mawasiliano kutoka Uganda ulifika Juba mwaka 2020, na mtambo mpya wa umeme ulizinduliwa Novemba 2019. Walakini wengi wangali wakitegemea jenereta na sola, na si kila mfuko unaweza kumudu ada hiyo.

Mama mmoja mwenye kibanda cha kuchapa, mke wa koplo, aliwahi kushauriwa na mumewe jambo hilo.

"Mama watoto, wenzako wanaotesha maua kwa neno moja tu. Wewe bado unahangaika na nukta!"

"Baba watoto," alijibu, "ua likikosewa hakuna anayekasirika. Jina la marehemu likikosewa, mama yake hulia mara ya pili."

Jibu hilo lina uzito, lakini lisichukuliwe kuwa ni kukataa mapya. Unicode nayo ilikuwa mpya, na ndiyo iliyotibu kasoro ya zamani. Mwaka 2024 watengenezaji wa Procreate walitangaza kwamba hawatatia akili bandia izalishayo picha katika programu yao. Machi 2025 lilitoka toleo la 3.0 la GIMP, programu isiyolipiwa, lenye vichujio vinavyoweza kurekebishwa baadaye bila kuharibu picha ya asili. Hayo nayo ni maendeleo, ingawa hayana makelele.

Programu za akili bandia zilipoanza kuenea zilijulikana kwa kuvuruga herufi ndani ya picha, hata za Kiingereza. Zimeboreka tangu wakati ule, lakini hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na ya Kidinka ni machache. Basi kipimo cha haki si umri wa zana. Kipimo ni kama zana hiyo inaimaliza kazi iliyokuwa ikisubiri kabla ya kutuletea kazi nyingine. Jina lisiloandikika limesubiri muda mrefu kuliko bustani.

Kwa jamaa wanaoagiza kadi au cheti, ni vema kulipeleka jina likiwa limeandikwa kwa mkono na mzee aijuaye lugha, kuomba nakala moja ya kukagua kabla ya zote kuchapwa, na kuhifadhi faili katika flashi nyumbani. Nao vijana wanaojifunza kazi hii wajaribu mapya yote bila hofu, mradi kwanza wajue kuzikalisha nukta mbili mahali pake.