Mkanda wa kwanza hauuzwi

Langoni, Lamu

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako anakusalimu ingawa mnazungumza kila siku kwa simu. Ni yeye aliyenionyesha picha za kazi yako ya ngozi, na ni yeye aliyeniambia kuwa wenzako wa ofisini wameshaanza kukuagiza mikanda, na mmoja ametanguliza pesa. Nilipolisikia hilo nikaona simu haitoshi. Nikatafuta kalamu.

Nianze na kile kifuko cha funguo. Ua umelichora vizuri na limekaa mahali pake, lakini alama za vyuma zimefifia na kingo zimevimba. Usiulaumu mkono wako. Ngozi uliyonunua ni ya kromu, na ngozi ya kromu haishiki nakshi hata akiigonga fundi wa miaka hamsini. Ngozi nyingi duniani siku hizi hutengenezwa kwa chumvi za kromu kwa sababu ni kazi ya muda mfupi, nayo hutoka laini, isiyosumbuliwa na maji. Inafaa viatu, mikoba na makochi. Ukiipiga chapa inanyanyuka tena. Angalia ilipokatwa: mara nyingi ndani utaona rangi ya kijivu au ya buluu. Kisha dondoshea tone la maji. Likikaa juu kama shanga, rudisha pochi yako mfukoni.

Wewe unataka ngozi ya magome. Hiyo hulowekwa katika maji yenye tanini ya miti kwa wiki nyingi, na tanini ikishaingia kati ya nyuzi, ngozi huwa ngumu kiasi, yenye rangi ya mkate. Ikipata maji inalainika na kukubali kila unachoifanyia, ikikauka inabaki hivyo hivyo. Usidhani ni elimu ya kigeni. Enzi za wakoloni magome ya mikoko kutoka hapa Lamu na kule Rufiji yalipakiwa vyomboni kwenda ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo, na bara ilipandwa miwati, Eldoret hapa Kenya na Njombe Tanzania, ili magome yake yakamuliwe tanini. Ukiuliza mafundi wa Nairobi, waambie wazi unataka ngozi iliyotengenezwa kwa magome, ya mgongo au ya bega. Ya tumbo ni rahisi, lakini hunyumbuka na nakshi hupinda nayo. Kwa mkanda tafuta unene wa milimita 3 hadi 3.5. Wauzaji wa Marekani hupima kwa wakia, na wakia 8 ni kama milimita 3.2. Omba vipande vilivyobaki baada ya wengine kukata, vinatosha kabisa kujifunzia.

Na pesa yako yote iende huko. Nimeona kwenye picha ya meza yako sanduku la vyuma vya chapa, vya kila umbo, hata la kiatu cha farasi. Mwanangu, utavitumia vipi? Unachohitaji ni kisu chenye shingo inayozunguka, chuma cha kushusha ukingo, cha kutia kivuli, cha mishipa ya majani, cha mbegu, na cha kudidimiza usuli. Ongeza nyundo ya mbao au ya plastiki ngumu, kwa kuwa nyundo ya chuma huvunja vichwa vya vyombo na haina uzito wa upole. Chini weka kipande cha marumaru. Waliobomoa jiko la zamani watakupa bure.

Sasa hayo ya kuuza. Mimi ngozi ndiyo iliyonisomeshea watoto, kwa hiyo sisemi kuwa kuuza ni aibu. Nasema kuwa anayeuza hujifunza jambo moja upesi kuliko mengine yote, nalo ni kiwango ambacho mteja ataridhika nacho. Mteja haoni kama kisu kiliinama. Haoni kama ukingo ulisuguliwa mara moja au mara tano. Basi mkono nao unaacha kuona. Wako mafundi, tena hodari, ambao mpaka leo wanachonga ua lile lile walilojifunza mwaka wa kwanza kwa kuwa ndilo watalii wanalonunua. Siwacheki, wana kodi ya kulipa. Lakini wewe una mshahara. Kitu pekee ambacho wewe unacho na mimi sikuwahi kuwa nacho ni ruhusa ya kuharibu ngozi pasi na mtu kukudai. Uipe thamani ruhusa hiyo. Kuibadilisha na bei ya mkanda mmoja ni kupunjwa.

Ukitaka kutoa, toa zawadi, na umpe mtu unayemwona mara kwa mara. Mkanda aliouvaa kaka yako mwaka mzima utakueleza mengi: rangi imeshuka wapi, uzi umelika wapi, ukingo umefunguka upande gani. Ule ulionunuliwa na mgeni hutauona tena.

Tuje kwenye maji, maana hapa ndipo wanaoanza wengi hukata tamaa. Lowesha ngozi kwa sponji, sawasawa, kisha iache. Usichonge ikiwa imelowa. Ngoja hadi rangi yake irudi karibu na ile ya mwanzo, lakini ukiigusisha shavuni bado iwe baridi. Hapo kisu kitapita bila kukwama, na kila chuma utakachogonga kitaacha alama ya kahawia iliyokoza kuliko ngozi yenyewe. Rangi hiyo ndiyo dalili yako. Ukigonga maji yakachuruzika, umewahi. Ukigonga alama ikawa nyeupe na haina kina, umechelewa, pitisha sponji tena kidogo. Nairobi hewa yenu ni kavu kuliko yetu na ngozi itakukaukia mezani upesi, kwa hiyo kazi ndefu ifunike kwa mfuko wa plastiki sehemu usiyoishughulikia. Mimi ngozi nene huilowesha jioni, nikaifunga katika plastiki hadi asubuhi. Usiiache humo siku tatu nne, itaota kuvu.

Jambo jingine ambalo vitabu hulipitia haraka: chuma tupu kikikaa juu ya ngozi yenye maji, tanini na chuma huungana na kuacha doa jeusi lisilotoka. Vua pete na bangili zako zisikwaruze, na usiweke mkasi juu ya kazi. Lakini doa hilo hilo ukilitaka ni rangi nzuri mno. Loweka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ndani ya siki nyeupe, uziache siku kadhaa bila kubana kifuniko, chuja, paka. Ngozi ya magome inageuka nyeusi mbele ya macho yako, na weusi huo hautii doa nguo kwa kuwa haukupakwa juu, umezaliwa ndani ya ngozi yenyewe. Jaribu kwenye kipande kwanza, kisha suuza kwa maji.

Kisu kishike wima. Kidole cha kwanza kikae juu kwenye kitako chake, na kuzungusha kufanywe na kidole gumba na vile vingine. Kata theluthi hadi nusu ya unene, si zaidi, na mikato isivukane. Simama nywele moja kabla ya kugusa mstari mwingine. Kisu kikianza kuvuta ngozi badala ya kuikata, kimepoteza makali. Kisugue kwenye kipande cha ngozi kilichopakwa ile dawa ya kijani ya kung'arishia vyuma. Ni jambo la kufanya kila baada ya muda mfupi, usingoje mpaka kazi iishe. Kisha shusha ukingo upande wa nje wa mstari, ukikisogeza chuma nusu ya upana wake kila pigo, alama zisionekane ngazi ngazi. Kivuli, mishipa, mbegu na usuli hufuata. Mikato ya pambo, ile inayoanza nene na kufia nyembamba, ni ya mwisho. Hiyo ndiyo inayomfichua mtu, kwa hiyo ijaze ukurasa mzima wa karatasi kwa penseli kabla ya kuileta kwenye ngozi.

Umeniuliza kwa nini mfano uliopakua ni mgumu. Mtindo huo ni wa Sheridan, mji mdogo wa Wyoming, Marekani, nao ulishamirishwa na mtengeneza matandiko ya farasi aitwaye Don King. Shina huzunguka kwa duara, ua dogo hukaa katikati, na duara moja huingia katika jingine bila kuacha nafasi tupu. Anayeanza akinakili maua bila kuyaona maduara, kazi yake huyumba. Chora maduara kwanza. Nami nina kitabu cha nakshi za ngozi cha Al Stohlman, kimeliwa na mchwa pembeni lakini picha zipo, nitakuonyesha. Wamarekani walirithi nakshi hiyo kwa watengeneza matandiko wa Meksiko, nao wakairithi kwa Wahispania, na huko Uhispania mji wa Cordoba ulisifika kwa ngozi tangu zama za Waislamu. Kwa hiyo ukiona shina linazunguka kwenye tandiko la Wyoming na lingine linazunguka kwenye kizingiti cha mlango hapa mtaani, usishangae.

Na hilo lanifikisha Siyu. Ng'ambo pale kisiwani Pate, karne ya 19, Siyu ilisifika kwa wanakili wa misahafu, maseremala na mafundi wa ngozi, na hadi leo wako wanaoshona makubadhi na mikanda huko. Ngozi iliyofunika misahafu ile ilipigwa chapa. Hawakuijaza yote: pambo lilikaa katikati, mstari ukazunguka pembeni, na palipobaki pakaachwa patulie. Kwa mtu anayeanza, hapo pana somo kubwa kuliko Wyoming. Chapa moja safi katikati ya mkanda mtupu inapendeza kuliko bustani nzima iliyochongwa kwa pupa. Nakshi za Kibajuni za pembe na mistari iliyonyooka ziache kwanza. Zinaonekana nyepesi, lakini mstari ulionyooka hausamehe mkono unaotetemeka.

Ukimaliza kuchonga, acha ikauke siku nzima. Pitisha mafuta ya miguu ya ng'ombe kwa kitambaa, kidogo sana, uiache ilale. Yakizidi ngozi inakuwa nyeusi na kulegea, na hakuna namna ya kuyatoa. Baadaye ianike juani saa chache: ngozi ya magome hukolea yenyewe kwa jua, rangi ya asali, na mimi sijaona rangi ya dukani inayoishinda. Kama lazima upake rangi ya spiriti, izimue, vaa glavu, paka kwa mizunguko, mara nyingi nyepesi badala ya mara moja nzito. Ikikauka, sugua kwa fulana kuukuu hadi fulana itoke safi, ndipo upake cha kuzuia maji. Wengi huiruka hatua hiyo, na suruali za watu hulipa. Ukitaka mistari ijitokeze, paka kiwi ya kahawia, iingie katika mikato, kisha ifute juu.

Ukingo uchukue muda sawa na ua. Punguza pembe zake, piga msasa, tia rangi, lowesha kidogo, sugua kwa kijiti laini cha mpingo hadi ung'ae, malizia kwa nta ya nyuki. Kushona ni sindano mbili kwa uzi mmoja, ili pindo moja likikatika mengine yashike.

Ukija kwa Maulidi njoo na vipande vyote ulivyoharibu, hata vilivyotupwa chini ya meza. Hivyo ndivyo nitakavyoviangalia kwanza, mkanda baadaye. Na huyo mwenzako wa ofisini mrudishie pesa zake kabla ya mwisho wa mwezi, umwambie mjomba amekataa.

Wasalaam,
Mjomba wako