Ukifika Kasese, Usiishie Hapo

Wageni wengi wakifika Kasese huinua macho tu. Wana haki. Rwenzori imepanda hadi mita 5,109 kwenye kilele cha Margherita, na barafu yake, japo inazidi kuyeyuka, bado ipo hapahapa jirani na Ikweta. Ila mawingu ya mlima huu ni bahili: unaweza kulala mjini siku kadhaa na kilele usikione. Basi shusha macho, upande taksi ya Bwera.

Kasese yenyewe ni mji wa bondeni, wenye joto, uliokuzwa na shaba ya Kilembe na reli iliyofika kutoka Kampala mwaka 1956. Treni ziliacha kuja, watu wakabaki na kuongezeka. Kutoka mjini unateremka hadi Kikorongo, ndipo njia ya Bwera inapokata kuelekea magharibi. Hapo ardhi inajieleza yenyewe. Uwanda mpana wa nyasi ni wa nyati na tembo wa Hifadhi ya Queen Elizabeth. Juu kileleni ni hifadhi nyingine. Binadamu kaachiwa ukanda wa katikati. Sensa ya 2014 ilikuta karibu watu laki saba wilayani Kasese, ndiyo maana kahawa na muhogo vimepandwa hata kwenye miteremko ambayo mgeni huikwea kwa mikono na miguu.

Bwera ni kwa Wakonzo, na mpakani ndipo raha ilipo. Mto Lhubiriha unatenganisha Uganda na Kongo, lakini Wanande wa ng'ambo, upande wa Kasindi, husikilizana na Wakonzo bila mkalimani. Siku ya soko la Mpondwe, Jumanne au Ijumaa, vitenge, maharage, kahawa na chumvi ya Katwe hubadilishana mikono, na Kiswahili husikika kila pembe. Njaa ikikushika, agiza obundu, ule ugali wa muhogo, kwa ngege wa ziwani. Kwangu mimi, hakuna hoteli ya watalii inayoufikia mlo huo.

Kisha uliza majina. Mkonzo hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa: Masika ni binti wa kwanza, Biira wa pili, Bwambale mvulana wa pili. Muhindo ni yule aliyezaliwa baada ya mfululizo wa wavulana au wasichana kugeuka. Ita "Masika!" katikati ya soko lile, uone vichwa vingapi vitageuka.