Simu nzuri isiyo na ndugu

Msimu wa matunda damu ukifika, magari yanashuka kutoka Lushoto hadi Mombo yakiwa yamejaa, yanashika barabara kuu kuelekea Dar es Salaam. Mjini, tunda letu lililochumwa juzi linapangwa mafungu juu ya gunia, chini kabisa. Pembeni yake kuna tufaha lililosafiri kwa meli kutoka Afrika Kusini. Hilo limewekwa juu ya meza, moja moja, na limebandikwa stika. Mnunuzi haulizi lipi tamu zaidi, maana stika imeshamjibu.

Nimeanza na matunda kwa sababu watu wa milimani tunaelewa haraka habari ya kitu kizuri kufunikwa na chenye jina. Ila ninachotaka kuzungumza leo ni simu. Kwetu, kwa mwaka mzima sasa, simu imekuwa jambo la kikao cha familia, na nadhani hatuko peke yetu.

Shemeji yangu anafanya kazi Muscat. Miaka mitatu iliyopita alimtumia kaka yake, ambaye ni mume wangu, simu ya kampuni ambayo huku ukiitaja, mtu anakuuliza mara mbili. Sitaitaja hapa. Ilikuwa simu nzuri kweli. Chaji ilikaa siku mbili, hata Julai, wakati wa ukungu na baridi inayotufanya tulale na masweta. Picha zake zilikuwa safi kiasi kwamba walimu wenzangu walidhani tumempeleka mama mkwe studio, kumbe alipigwa akiwa kwenye shamba lake la maharage, na khanga begani.

Ilikuwa na kasoro mbili ambazo kule ilikotoka si kasoro. Ilikuwa na nafasi ya laini moja tu, na haikuwa na sehemu ya memori kadi. Mtu wa mji wa tambarare anaweza kucheka, lakini anayeishi Usambara anajua. Nyumbani mtandao huu unashika vizuri. Ukivuka mgongo wa mlima kwenda shambani unakufa, na mwingine ndio unaamka. Dalali wa kabichi hakusubiri uteremke. Asipokupata hewani anampigia jirani yako, na lori linaondoka na mzigo wa jirani. Kwa hiyo mume wangu alitembea na ile simu nzuri mfuko mmoja, na kitochi cha laini mbili mfuko mwingine.

Mwaka jana mama mkwe alifariki. Shemeji hakuweza kuja kwenye mazishi, kwa kuwa ruhusa ya mwajiri ilichelewa. Alichoomba ni kimoja: picha za mama za miaka yake ya mwisho, zote, aziweke mbele yake siku ya arobaini akiwa huko huko ugenini. Picha zilikuwa ndani ya ile simu. Wiki moja kabla, simu ilimponyoka mume wangu kwenye magunia ya viazi wakati wa kupakia, ikaangukia jiwe. Kioo kikawa cheusi. Ilikuwa inaita na kutetema, lakini huoni kitu.

Niliipeleka kwa fundi pale mjini Lushoto, karibu na stendi. Fundi huyu ana droo iliyogawanywa vyumba vidogo kama sanduku la mbegu: vioo vya Tecno, vya itel, vya Infinix, vya Samsung, kila kimoja na lebo yake. Aliigeuza ile simu, akaipima uzito mkononi, akaniambia, "Mwalimu, hii ni nzuri kuliko zote zilizoko hapa mezani. Tatizo lake haina ndugu."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko mambo mengi niliyosoma kuhusu biashara. Simu ina ndugu. Ndugu zake ni fundi aliyeshawahi kuifungua, duka lenye kioo chake, kava inayoienea, jirani mwenye chaja inayofanana, na kijana wa mtaani anayejua ukibonyeza wapi inarudi. Simu inayokuja peke yake, hata iwe na sifa gani, ni kama mgeni msomi aliyehamia kijijini bila mtu wa kumjua. Siku anaumwa, hakuna wa kumshika mkono.

Watu wengi husema kampuni kubwa zinashinda kwa matangazo. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Tazama kampuni ya Transsion ya China, yenye Tecno, itel na Infinix. Ilianzishwa mwaka 2006, wakati ambapo hapa kwetu simu maana yake ilikuwa Nokia. Wakati huo Tecno ndiyo iliyokuwa simu isiyo na jina. Makao yake makuu yako Shenzhen, lakini huko China kwenyewe simu hizo karibu hazionekani madukani, kwa sababu kampuni iliamua kulima shamba lake Afrika. Ilileta simu za laini mbili kwa watu wanaobeba laini mbili. Ilileta betri kubwa kwa watu ambao umeme wao unakatika. Ilirekebisha kamera ili ngozi nyeusi isigeuke kivuli kwenye picha. Ilipaka kuta za maduka rangi yake ya buluu, ikafungua vituo vya matengenezo vinavyoitwa Carlcare. Kwa miaka kadhaa sasa imekuwa kinara wa mauzo ya simu barani Afrika. Jina lake lilijengwa kwa tangazo, ndiyo, na pia kwa kioo kilichoko kwenye droo ya fundi wa Lushoto.

Upande wa pili, wako waliotengeneza vitu vizuri wakafunikwa. LG ya Korea Kusini, ambayo friji na televisheni zake tunazo majumbani, mwaka 2016 ilitoa simu yenye kamera mbili nyuma, moja ikiwa ya kuchukua picha pana. Leo simu nyingi zina kamera ya namna hiyo, na kijana anayeifurahia hajui kwamba LG ilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Aprili 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba inaacha kabisa biashara ya simu. Sony ya Japani nayo ina simu zake, Xperia, ambazo sijawahi kuziona kwenye duka lolote kati ya Mombo na Mtae. Lakini Desemba 2022 mkuu wa Apple, Tim Cook, alieleza hadharani kwamba kwa zaidi ya miaka kumi kampuni yake imeshirikiana na Sony kutengeneza vihisi vya kamera za iPhone. Kwa hiyo jicho la simu inayotamaniwa kuliko zote linatoka kwa kampuni ambayo simu yake yenyewe haina anayeiulizia. Ni kama peasi la Lushoto lililowekwa kwenye kikapu chenye jina la mtu mwingine.

Na jina nalo si la milele. Nokia iliyotawala enzi zile ilitangaza mwaka 2013 kwamba inaiuzia Microsoft biashara yake ya simu. Aliyekuwa mkubwa akawa historia, na asiye na jina akachukua kiti.

Tena jina lina hatari yake. Wengi wetu tunakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipozima simu bandia. Tulifundishana kubonyeza *#06#, kupata namba ya simu na kuituma kwenda 15090 ili kujua kama simu ni halali. Shuleni kwetu walimu tulikaa mstari mmoja tukihakiki. Waliozimiwa hawakuwa wamenunua simu zisizojulikana. Walikuwa wamenunua majina makubwa, kwa bei ya kutupa, mnadani. Mghushi hapotezi muda kuiga simu ambayo hakuna anayeitamani. Kwa hiyo anayenunua jina bila kuangalia kingine ndiye windo rahisi.

Narudi kwenye ile simu yenye picha. Fundi wetu alipiga simu Tanga, hawakuwa na kioo. Akapiga Kariakoo, akaambiwa kipya kinapatikana kwa kuagiza nje, kwa 210,000, na malipo mbele. Kwa fedha hiyo unanunua simu nyingine ndogo na chenji inabaki ya mbolea. Kikao kilikuwa kigumu. Mkwe wetu mmoja alisema wazi kwamba picha haziliwi. Wifi yangu akalia. Mwishowe mume wangu akampa simu dereva wa lori la mboga, akaipeleka Kariakoo yenyewe. Huko, baada ya wiki tatu, alipatikana mtu mwenye simu ya aina ile ile iliyokufa ubao lakini kioo kizima. Tulilipa 75,000 na fedha ya ufundi. Kioo kilikuja na doa la njano pembeni, lakini kilifunguka. Zilikuwemo picha arobaini na moja za mama, pamoja na video fupi anamkemea mbuzi. Zilifika Muscat siku mbili baada ya arobaini. Shemeji hakulalamika kuchelewa. Alituma ujumbe wa sauti ambao una kimya kirefu kuliko maneno.

Miezi michache baadaye binti yetu alipata nafasi chuo, na suala la simu likarudi mezani. Kuna mtu alimletea ya jina geni, yenye sifa nyingi kwenye boksi na bei nafuu. Yeye akataka ile ya kuta za buluu. Baba yake akaanza hotuba ya vijana kupenda majina. Mtoto akamsubiri amalize, akasema, "Baba, nikiivunja nikiwa chuo, kioo nitakipata wapi? Mtatuma lori tena?"

Hakuna aliyemjibu. Mtoto alikuwa amekaa kwenye vile vikao vya picha za bibi yake, akasikia kila kitu.

Sisemi kwamba kila kijana anayetaka jina ana hoja kama hiyo. Wapo wanaotaka kuonekana tu, na wapo wazazi pia. Hapa mtaani kuna simu za mkopo zinazolipiwa kidogo kidogo kila siku, na ukichelewa inajifunga yenyewe. Nawajua watu wanaonyima watoto maziwa ili jina lisizimike mfukoni. Ukijumlisha malipo yote hadi mwisho, umeilipia simu ile na nyingine iliyo hewani. Hapo jina limegeuka mzigo wa nyumba nzima.

Kwa hiyo sisi tulikubaliana maswali ya kujiuliza kabla ya kuuliza "ni kampuni gani?" La kwanza, fundi wa karibu ana kioo na betri yake leo, si kwa kuagiza? La pili, inachukua laini ngapi, na inashika wapi: nyumbani, shambani, au vyote? La tatu, picha na namba za watu zinatokaje humo simu ikifa? La nne, dhamana yake inaishia wapi, maana dhamana inayodaiwa Dar es Salaam pekee ina nauli ndani yake. La tano, bei yote hadi mwisho ni kiasi gani, si ya leo tu. Simu geni ikijibu yote matano, tuinunue bila aibu. Yenye jina ikishindwa mawili, tuiache dukani na bango lake.

Binti alizunguka na maswali hayo maduka manne. Wauzaji wawili walimwona msumbufu. Vijana wa promosheni waliovaa fulana za kampuni walikuwa wamekariri ukubwa wa kamera, lakini swali la kioo liliwashinda. Wa nne, mama mmoja wa makamo, aliinama chini ya kaunta akatoa kioo chenyewe, akakiweka juu ya boksi la simu. Binti akanunua hapo hapo. Haikuwa ile aliyoanza kuitaka, ila ni ya ukoo ule ule, ya bei ya chini kidogo.

Ile ya Muscat bado tunayo, na doa lake la njano. Picha zimeshahamishiwa kwenye simu tatu za familia. Mume wangu anaitumia jioni kusikiliza redio, na siku za soko bado anabeba kile kitochi cha laini mbili. Juzi nilipita kwa fundi kununua chaja, akaniuliza kama naiuza. Kuna mteja wake ana simu kama ile, imevunjika kioo, na ameshazunguka hadi Korogwe. Nilimwambia haiuzwi. Akacheka, akaandika namba yangu nyuma ya daftari lake, kwamba ikifa siku moja nimkumbuke yule mteja.